Silinda Kubwa kwenye Vespa: Tusome Namba Kabla ya Kushika Spana



Leo tunaweka kando kidogo kitabu cha kilimo. Mnaona hapa mezani pana boksi. Ndani yake mna silinda mpya ya vespa pamoja na pistoni yake. Ni mali ya mwenzetu aliyekaa pale karibu na mlango, ambaye huchukua dagaa huku kwetu Kaskazini na kuwapeleka mjini kila alfajiri. Ameweka fedha kidogo kidogo kwa miezi saba hadi akaipata silinda hii. Wiki iliyopita alitufuata akatuuliza, "Maalim, fundi anasema ataifunga kwa nusu saa. Nimpe?" Tukamjibu, "Subiri mpaka Jumamosi."

Tulimwambia hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kuunguza silinda moja kama hii. Habari hiyo tutawaeleza bila ya kuficha, hata kama mtatucheka.

Kwanza tuijue vespa yenyewe. Vespa ilianza kutengenezwa mwaka 1946 huko Pontedera, Italia, katika kiwanda cha Piaggio. Aliyeichora ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Kwa Kitaliana neno vespa maana yake ni nyigu, na ukiitazama kwa juu, kiuno chembamba na matako mapana, unaona hawakukosea. Hapa Unguja nyingi tunazoziona ni za aina ya PX, ambayo ilianza mwaka 1977. Nyingine ni LML. Hizo zilitengenezwa India, na injini yake ni ndugu wa PX.

Injini ya PX ni ya mapigo mawili. Haina sampu ya oili ya kulainisha pistoni kama gari. Oili huingia pamoja na petroli. Kwa hiyo petroli ya vespa inafanya kazi tatu: inawaka, inalainisha, na inapoza. Shikeni sana jambo hilo, maana ndilo lililotuponza sisi.

Namba zinasema nini

Vespa yetu sisi ni PX 150. Pistoni yake ya asili ina upana wa milimita 57.8. Pistoni hupanda na kushuka milimita 57. Hebu tutumie hesabu ile ya duara tuliyojifunza tulipopima pipa la maji. Nusu ya 57.8 ni 28.9. Zidisha 28.9 kwa 28.9, kisha kwa 3.14, kisha kwa 57. Gawa kwa 1,000 ili upate sentimita za ujazo. Jibu ni 149 na nusu hivi. Ndiyo maana inaitwa 150.

Silinda hii ya mezani ina upana wa milimita 63. Nusu yake ni 31.5. Fanyeni hesabu ile ile. Mtapata 177 na kitu. Na kwenye boksi, tazameni, wameandika 177. Makampuni ya Italia kama Polini, Malossi na Pinasco yanatengeneza seti za ukubwa huu, na huingia kwenye injini za PX 125 na 150. Hazingii kwenye PX 200, maana kasha lake ni jingine.

Utajuaje injini yako ni ipi? Usitazame jina lililobandikwa ubavuni. Vifuniko vya ubavu huhamishwa kutoka vespa moja kwenda nyingine kama kofia. Soma herufi zilizogongwa kwenye kasha la injini. PX za mwanzo za 125 zina herufi VNX1M, za 150 zina VLX1M, na za 200 zina VSE1M. Mwenzetu amekwisha kuzisoma zake na kuziandika katika daftari. Ni VLX1M. Kama yako ni LML, herufi zake ni nyingine. Chukua namba hiyo uende nayo dukani kabla ya kulipa.

Tulivyoiunguza ya kwanza

Sisi tulinunua seti yetu kwa tamaa ya nguvu. Tulikuwa tunapakia vitabu nyuma na mbele, na kwenye mwinuko vespa inalia kama mbuzi. Fundi wetu ni mtu hodari, mikono yake ni myepesi. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kitaliana. Tulimwonyesha. Akasema, "Maalim, karatasi hiyo ya nini? Mimi nimefunga silinda mia." Na sisi, watu tunaofundisha wenzetu kusoma, tukaikunja karatasi tukaitia mfukoni.

Akafunga. Vespa ikawaka kwa teke la kwanza. Siku ya kwanza tulikwenda nayo kama mshale. Siku ya pili tulipakia maboksi mawili ya vitabu tukaelekea mjini, gia ya nne, mkono umefunguliwa wote. Tulipopita Mahonda sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, kama filimbi. Tukafurahi, tukadhani sasa inachanganya! Kufumba na kufumbua gurudumu la nyuma likakamata. Vespa ikaserereka upande. Namshukuru Mungu mkono ulivuta klachi wenyewe, na hapakuwa na gari nyuma.

Tulipoifungua, pistoni ilikuwa imechubuka pande mbili, na aluminiamu yake imeganda kwenye ukuta wa silinda. Fedha yote ikawa chuma chakavu.

Jioni tuliitoa ile karatasi mfukoni. Kitaliana hatujui. Lakini namba za Kitaliana ni hizi hizi zetu. Palikuwa na picha ya kabureta na mshale, na kando ya mshale namba 118. Tukaifungua kabureta yetu. Jeti kubwa iliyokuwamo imeandikwa 100. Ilikuwa ile ya zamani.

Kosa lilikuwa hapo. Jeti ni kitundu kinachopitisha petroli. Kwa kabureta ya Dell'Orto, ambayo ndiyo ya PX, namba 100 maana yake tundu lina upana wa milimita 1.00. Namba 118 ni milimita 1.18. Silinda kubwa inavuta hewa nyingi zaidi. Tundu likibaki lile lile, petroli haitoshi. Ni sawa na mtu aliyebadilisha sufuria ya chai, akaweka kubwa ya wageni, lakini sukari akatia vijiko vile vile. Tofauti ni kwamba chai isiyo na sukari haimwangushi mtu barabarani. Petroli ikiwa kidogo moto unazidi, na oili pia inapungua. Pistoni ya aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko silinda ya chuma. Inatanuka mpaka inakosa nafasi, inakamata.

Ile sauti nyembamba tuliyoifurahia ilikuwa kilio chake. Ukiisikia wewe, vuta klachi mara moja, rudisha mkono wa mafuta, teleza hadi pembeni.

Kufunga

Ya pili tuliifunga na fundi yule yule. Hakuna haja ya kugombana na mtu kwa kosa tulilolifanya pamoja. Safari hii yeye alishika spana, sisi tukashika karatasi na daftari.

Injini iwe baridi. Fungua kifuniko cha ubavu wa kulia. Safisha kwanza pande zote kwa brashi na mafuta ya taa, maana mchanga mmoja ukiingia ndani ni mwaka mzima wa majuto. Fungua bomba la moshi, plagi, na kile kifuniko cha upepo kinachofunika silinda. Legeza nati nne za silinda hedi kwa spana namba 11, kidogo kidogo, kwa msalaba. Silinda ya zamani itatoka kwa kuivuta taratibu. Kabla ya kugusa klipu za pini ya pistoni, ziba tundu la kasha kwa kitambaa safi. Klipu ni waya mdogo unaopenda kuruka, na ukiangukia ndani utalazimika kuivunja injini yote.

Silinda ya zamani usiitupe wala usiiuze. Ipake oili, ifunge kwa karatasi, iweke.

Sasa kabla ya kuvisha ringi kwenye pistoni mpya, zipime. Chukua ringi moja, itie peke yake ndani ya silinda mpya, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Utaona ncha zake mbili hazikutani. Pima uwazi huo kwa fila geji, yale majani membamba ya chuma yenye namba. Uwazi wetu ulikuwa milimita 0.25, na karatasi ililikubali hilo. Uwazi ukikosekana, ringi ikipata joto ncha zitagongana na ringi itavunjika. Fundi alituambia hajawahi kupima ringi mpya, kwani mpya ni mpya. Tulipomwonyesha jani la 0.25 linavyopita na jani la 0.30 linavyokataa, alilichukua akarudia mwenyewe mara tatu. Siku hizi fila geji haitoki mfukoni mwake.

Pistoni ina mshale kichwani. Mshale uelekee kwenye tundu la bomba la moshi. Ncha za kila ringi zikae kwenye kipini chake kidogo ndani ya mfereji. Klipu ziwe mpya, na baada ya kuzitia zizungushe kwa bisibisi uhakikishe zimeingia. Paka oili ile ile ya mapigo mawili kwenye pini, kwenye beringi yake na kwenye ukuta wa silinda. Kisha bana ringi kwa vidole, sukuma silinda taratibu. Ikikataa, usilazimishe. Rudi nyuma utazame ringi.

Nati za silinda hedi zikazwe kwa msalaba, kwa awamu tatu. Kwa bolti hizi za milimita 7 kiwango huwa kati ya 13 na 18 kwenye spana ya kupimia nguvu. Spana hiyo kijijini hatuna, tuliiazima mjini. Mkono wa fundi una nguvu kuliko anavyofikiri, na bolti ya milimita 7 hunyofoka kama mzizi wa muhogo.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka. Silinda mpya na hedi mpya vinaweza kuacha nafasi ndogo mno kati ya kichwa cha pistoni na hedi. Chukua uzi wa risasi laini ya kulehemu, uweke juu ya pistoni ukingoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mara moja, kisha fungua. Risasi itakuwa imebanwa. Pima unene wake. Isipungue milimita 1. Yetu ilikuwa 1.4, tukaridhika.

Na kile kifuniko cha upepo mkirudishe! Tunaona vespa nyingi zinatembea bila ya kifuniko hicho, mapezi ya silinda yako nje, watu wanadhani upepo wa barabarani unatosha. Hautoshi. Silinda ya vespa imejificha ubavuni. Inapozwa na feni iliyoko kwenye flaiwili, na kifuniko ndicho kinachoupeleka upepo kwenye mapezi.

Kurekebisha cheche

Silinda kubwa yenye mgandamizo mkubwa haitaki cheche iliyowahi sana. Karatasi yetu iliandika 18 na kiduara kidogo juu yake. Kiduara hicho ni digrii. Mzunguko mmoja una digrii 360. Basi 18 ni sehemu ngapi ya 360? Gawanyeni. Ni sehemu moja katika ishirini. Kama karatasi yako ina namba nyingine, gawa kwa namba hiyo.

Tulifanya hivi. Tulitafuta kwanza pale pistoni inapofika juu kabisa, tukatia alama kwenye flaiwili na alama nyingine kwenye kasha zikakutana. Kisha tukaizungushia flaiwili kamba na kuipima. Tuseme kamba yako ni sentimita 60. Sehemu moja katika ishirini ni sentimita 3. Pima sentimita 3 pembeni mwa flaiwili kutoka ile alama ya juu, tia alama ya pili kwa rangi nyeupe. Alama hii ya pili lazima ndiyo itangulie kupita kwenye alama ya kasha injini inapozunguka, kisha ndipo ifuate ile ya juu. Hapo ndipo cheche inapotakiwa kuruka.

Vespa zenye platini za zamani mtaona kwa balbu ndogo wakati platini zinapoachana. Zile za elektroniki zinataka taa maalumu ya kumweka. Mafundi wa mjini wanazo, mkaazime. Kama cheche inawahi, legeza skurubu tatu za stata, ile sahani ya waya iliyo nyuma ya flaiwili, uizungushe kidogo kuelekea upande ule ule flaiwili inakozunguka. Hapo cheche inachelewa. Ukiizungusha kinyume, inawahi zaidi. Flaiwili ina kifaa chake cha kuivulia. Msiipige nyundo.

Plagi nayo isomwe. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Silinda kubwa kwa kawaida huomba plagi iliyo baridi kwa hatua moja, mfano kutoka 7 kwenda 8. Lakini urefu wa uzi wa skurubu uwe ule ule wa ya zamani. Plagi yenye uzi mrefu ikiingia kwenye hedi ya uzi mfupi itagongwa na pistoni.

Kabureta, na siku za kuzoeza

Anza na jeti kubwa kuliko inavyohitajika, halafu shuka. Usianze na ndogo ukapanda. Petroli ikizidi, vespa itatoa moshi, itakohoa, itachafua plagi, lakini haitakufa. Petroli ikipungua inakufa siku moja. Sisi tulianza na 122, tukashuka 120, tukaishia 118. Namba yako inaweza kuwa nyingine, maana bomba la moshi na kichujio cha hewa navyo vina neno lao. Ukibadilisha bomba, rudi tena kwenye jeti.

Mchanganyiko wa oili kwa PX ni asilimia 2. Kwa lita 5 za petroli tia mililita 100 za oili ya mapigo mawili. Tangi lote la lita 8 ni mililita 160. Tumieni chupa yenye mistari ya vipimo, si kifuniko cha soda. Zile PX zenye pampu yake ya oili hazichanganywi kwa mkono, lakini hakikisha pampu ni nzima.

Sasa tunafika penye uzito kwa mwenzetu wa dagaa. Silinda mpya lazima izoezwe kwa kiasi cha kilomita 500. Mkono wa mafuta usipite nusu. Usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Usipakie mzigo. Ikishapata moto mara ya kwanza, iache ipoe kabisa ukague nati. Yeye kwa siku hupata kama kilomita 70, kwenda na kurudi. Gawanyeni 500 kwa 70. Ni siku saba bila ya kubeba hata kikapu kimoja. Siku saba bila ya biashara, na nyumbani watoto wanakula. Fundi wa nusu saa hakumtajia hesabu hiyo, na sisi hatutaki aijue njiani.

Tumekaa naye tukatafuta njia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, naye hukaa bure. Basi silinda itafungwa mwanzo wa siku za mbalamwezi. Atazunguka nayo tupu, asubuhi na jioni, na kila kilomita ataiandika.

Baada ya kilomita 500, rangi ya plagi itatuambia mengine. Chagua barabara nyoofu isiyo na watu, saa ya utulivu. Fungua mkono wote kwa muda mfupi, kisha kwa mara moja zima injini na uvute klachi, uteleze hadi usimame. Fungua plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama unga wa kakao, ni vizuri. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, shusha jeti hatua moja. Nyeupe kama chokaa, usiwashe tena injini. Isukume mpaka nyumbani, weka jeti kubwa zaidi.

Yako mambo mawili ya pembeni. Breki za PX nyingi ni za ngoma, na zilitengenezwa kwa nguvu ya zamani. Badilisha viatu vya breki kabla ya silinda, si baada yake. Pia ukubwa wa injini umeandikwa kwenye kadi ya chombo. Nendeni mkaulize ofisi ya usajili na watu wa bima kabla ya kufunga.

Mtu mmoja alituuliza pale mlangoni kama kila mwenye vespa afunge silinda kubwa. Hapana. Kama yako inavuta vizuri na huna mzigo, fedha hiyo nunua tairi. Na kama imechoka tu, huenda inataka ringi mpya za saizi ile ile. Mwenzetu hubeba vikapu vinne vya dagaa, yeye tunamwelewa.

Fundi amekubali kuja nayo spana hapa skuli siku hiyo. Sisi tutaleta fila geji, kamba na jeti tatu, 118, 120 na 122. Karatasi ya boksi tumeibandika ukutani, njooni muione ile 118 kwa macho yenu. Vespa yetu iko nje chini ya mwembe, na plagi tumekwisha kuilegeza. Atakayetaka kuitazama rangi yake asubiri kidogo ipoe.

Sasa maswali.